Sindano Iliporuka Okutomi

Okutomi, Hokkaido
28 Januari 1962

Chizuru mke wangu,

Theluji imefika kiunoni na bado inaanguka, kwa hiyo habari za hali ya hewa tuziache. Mimi ni mzima. Nakula. Bibi Tome, yule jirani mfuga ng'ombe, ananiletea maziwa na viazi, na kila akija ananisuta kwamba nimekonda kama uzi wa kushonea. Ujue basi kwamba kuna mtu wa kunigombeza kwa niaba yako.

Umeniuliza tena ninasikiliza nini huku, maana majirani wanakuuliza nawe unabaki kutoa macho. Haya, waambie hivi. Jua halitupi mwanga na joto tu. Linapuliza pia upepo wa vijipande vidogo mno vya umeme, na mpaka leo wapo wasomi wanaobisha kama upepo huo unavuma kweli. Dunia imejizungushia sumaku yake kama ngao isiyoonekana. Upepo ukija taratibu, hakuna neno. Jua likichafukwa, upepo unakuja kwa kishindo, unaibonyeza ile ngao, na umeme ulionaswa ndani yake unaanza kulia. Chukua tenga la vifaranga, lifunike, halafu libonyeze ghafla kwa kiganja. Ndivyo hivyo. Kilio chao ni mawimbi ya redio, ila hakuna kituo kinachoyarusha wala mtangazaji. Mimi nina waya mrefu juu ya milingoti, betri, mashine ya kanda na spika za masikioni. Kila saa, ikifika dakika ya hamsini, nasema tarehe na saa kwenye maikrofoni, kisha narekodi dakika mbili. Sauti hizo zikija, huja asubuhi, utadhani ndege elfu wameamka kwa pamoja. Huku kwetu huja mara chache sana, na panahitajika mahali pasipo na umeme, maana nyaya za umeme zinavuma na kuzifunika. Okutomi haina hata balbu moja. Ndiyo sababu niko hapa msimu wa pili wa baridi badala ya kuwa nyumbani.

Profesa Ogiso haniamini. Anasema, "Kuramochi, hizo ni radi za mbali tu, usijisumbue." Ili aniamini nataka mambo mawili katika dakika moja: sindano yangu ya sumaku iruke, kuonyesha kwamba ngao imebonyea, na hapohapo sauti zianze. Mara moja tu, na iwe safi. Nikiipata, nafasi ya msaidizi chuoni ni yangu, na nitarudi Okazaki kulala chini ya paa moja nawe.

Sindano hiyo ina wivu kuliko mke wa pili. Ikiona chuma karibu inageuka. Kibanda nimekipiga misumari ya shaba, mkanda wangu wa suruali ni kamba, na Bibi Tome huacha debe lake la maziwa kule getini. Profesa aliagiza sindano ikae hatua hamsini kutoka mlangoni. Theluji ilipozidi nikaisogeza hapa barazani, kando ya mlango; waya wake huchora mstari kwenye karatasi humu ndani. Usimwambie mtu.

Mumeo,
Eisaku


Okazaki
11 Februari 1962

Mume wangu,

Nimewaambia majirani habari za vifaranga. Sasa mama wa nyumba ya pili anamwambia kila mtu kwamba umeacha usomi unafuga kuku. Nimemwacha. Kuku watu wanawaelewa.

Mimi ni mzima, kama kukaa peke yangu na cherehani ni uzima. Wanafunzi wangu wa ushoni wako sita mwaka huu. Wanadhani nina ugonjwa, kwa sababu kila ikifika dakika ya hamsini nasimamisha mashine, nanyamaza. Juzi mmoja akaniletea dawa. Sikumwambia kwamba najua mahali pamoja duniani ambapo wewe umenyamaza dakika hiyohiyo, na kwamba hizo dakika mbili ndizo tunazokaa pamoja siku hizi.

Sasa sikiliza, maana hili si la utani. Kaka Morihei amekuja tena. Amekaa, amekunywa chai tatu, ndipo akatema. Anasema mwanamke wa miaka thelathini na moja, asiye na mtoto wala mume ndani ya nyumba, arudi kwao kabla watu hawajaanza kumhurumia. Ameshanitafutia mtu, mjane mwenye duka la mikeka, "mtu wa kurudi nyumbani jioni." Alilisema hilo mara mbili. Nimemjibu kwamba nina mume. Akasema, "Yuko wapi?" Nikakosa la kuonyesha zaidi ya kanzu yako kwenye ndoano.

Nimemwambia nitangoja mpaka mpunga uvunwe, mwezi wa kumi. Nakuambia na wewe. Wanasema mvumilivu hula mbivu, lakini Eisaku, mimi naona zangu zinaoza. Sikutishi. Nimekutamani mno, na kukutamani mtu anayeishi katika barua kunachosha mwili kama kufua.

Mwanzoni mwa Machi nitakwenda Morioka kwa dada Sumie, anakaribia kujifungua. Usiandike huku siku hizo.

Chizuru


Okutomi
14 Machi 1962

Chizuru! Imeruka!

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na dakika hamsini. Nimewasha kanda, nimetaja tarehe na saa, na kabla sijafunga mdomo sindano ikatoka kwenye mstari wake kama mtu aliyefinywa. Ikapanda, ikakaa hukohuko juu. Muda kidogo baadaye sauti zikaanza. Si moja, si mbili. Kundi zima! Zinapanda, zinapokezana, hii haijaisha ile imeshadakia. Nilikaa pale kwenye kigoda nisithubutu hata kukohoa. Sindano ilikaa juu dakika kumi na moja, kisha ikashuka mara moja mahali pake.

Nimeangalia karatasi mara ishirini. Haina doa. Kesho gari la maziwa litaichukua kwenda kwa Profesa. Radi gani inayorusha sindano dakika kumi na moja? Ni jua, Chizuru. Jua limepiga, ngao imebonyea, vifaranga wamelia, na mimi nilikuwepo.

Unajua maana yake. Kabla mpunga haujavunwa nitakuwa nimevua viatu mlangoni kwetu. Mwambie kaka Morihei anywe chai yake polepole.

Eisaku wako


Okazaki
23 Machi 1962

Mume wangu,

Hongera. Nimeisoma barua yako nikiwa bado na vumbi la safari.

Dada Sumie amepata mtoto wa kike, mnene, ana hasira za babu yetu. Morioka ilikuwa baridi. Nimerudi jana na nimechoka, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Nikuulize swali la kijinga. Hakuna mnyama aliyepita karibu na mlango asubuhi ile? Ng'ombe wa Bibi Tome hawana kengele, au minyororo? Nauliza tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba sindano yako ina wivu.

Kula vizuri.

Chizuru


Okutomi
6 Aprili 1962

Mama Mwalimu,

Kuandika si kazi yangu, kazi yangu ni kukamua, kwa hiyo usicheke mwandiko. Vitambaa vya mkono nimevipata, asante, ingawa mikono yangu hii ukiigusisha hariri, inayochanika ni hariri.

Unauliza kama nimemwambia Mwalimu, mumeo, kwamba ulikuja. Sijamwambia. Uliniapisha mbele ya ng'ombe wangu nami nikaapa. Lakini mwanangu, nimelibeba jambo hili tumboni wiki tatu na sasa linanipiga mateke. Umekuja na gari la maziwa jioni, umelala kwangu, asubuhi umejitazama mara nne kwenye kioo changu kilichopasuka, umefunga birika lako la chuma kwenye kitambaa, ukaenda zako unaimba puani, eti unakwenda kumshtukiza mumeo. Hazikupita saa mbili umerudi macho mekundu. "Hayupo," ukasema. Hayupo! Mtu ambaye hata kibanda kikiungua atangoja dakika ya hamsini ipite ndipo atoke! Nikakumiminia maziwa ya moto, maana uzee umenifunza. Ukapanda gari la maziwa na birika ukaniachia, eti zito.

Birika la Morioka, kitu cha kurithisha wajukuu! Nililificha kwenye nyasi za ng'ombe. Sasa niseme ukweli, tangu wiki iliyopita nalichemshia chai. Ni dhambi kitu kama kile kukaa na nyasi.

Sijui ulisikia nini kule. Kama unadhani kuna mwanamke, wanawake wa Okutomi ni mimi na ng'ombe kumi na wawili, na sote tumeshapitwa na wakati. Mumeo hana mtu. Wakati mwingine namkuta anaongea na betri.

Njoo uchukue birika lako, au mwambie mwenyewe. Chagua kimoja, mimi si sanduku.

Nagashima Tome


Okutomi
2 Mei 1962

Chizuru,

Theluji imeanza kuvunjika. Njia ni matope matupu.

Profesa Ogiso amejibu. Ameandika kurasa nne, yeye ambaye hajawahi kunipa zaidi ya mistari mitatu. Anasema amekosea na anafurahi kukosea. Alitaka kulinganisha na sindano ya kituo cha kusini, lakini siku ile walikuwa wamesimamisha mashine kubadilisha karatasi, kwa hiyo shahidi ni mimi peke yangu. Atasoma matokeo yetu mkutanoni Kyoto tarehe ishirini na tano Juni. Nafasi ya msaidizi ni yangu kuanzia Oktoba. Ameshazungumza na wakubwa.

Uliuliza kuhusu wanyama. Hapana, hakuna mnyama aliyepita.

Jana nilikunywa chai kwa Bibi Tome. Ilikuwa nzuri kuliko siku zote.

Safari ya Morioka ilikuwaje? Hukunisimulia sana.

Eisaku


Okazaki
16 Mei 1962

Mume wangu,

Morioka ilikuwa baridi, nilishakwambia. Hakuna zaidi.

Nimeanua kanzu yako nikaifua, ingawa haikuwa chafu. Nimebandika karatasi mpya kwenye milango, ile ya zamani ilikuwa imetoboka. Kaka Morihei nimemsomea ile sehemu ya Oktoba. Akakuna kichwa, akasema, "Basi nitamwambia yule wa mikeka atafute mwingine." Aliondoka bila kumaliza chai. Nilipaswa kucheka. Nilijifungia jikoni nikalia, na nikamwambia mwanafunzi aliyenikuta kwamba ni vitunguu.

Nimeanza kuweka bakuli mbili mezani. Najizoeza. Saa ya watu kurudi kutoka kazini nasikia viatu njiani, na mwili wangu wote unainuka kabla sijaukataza. Eisaku, nakutaka nyumbani. Nakutaka na miguu yako ya baridi, na tabia yako ya kusoma gazeti chooni. Nikifumba macho naona Oktoba tu. Kwa nini basi silali?

Tarehe ishirini na tano imekaribia.

Chizuru


Okazaki
17 Juni 1962

Eisaku,

Mficha uchi hazai, na mimi tayari sizai, kwa hiyo sijui naficha ili nipate nini. Soma barua hii umekaa.

Sindano yako haikurushwa na jua. Niliirusha mimi.

Morioka nilikwenda, hilo si uongo. Lakini dada alijifungua mapema, nikapata siku za ziada, nikapanda treni, na meli, na treni tena, na mwisho gari la maziwa. Nililala kwa Bibi Tome. Asubuhi ya tarehe kumi na nne nikaja kwako na birika la chuma la Morioka mikononi, zawadi, nimelikumbatia kama mtoto. Sumaku wala sikuikumbuka. Mtu aliyesafiri siku tatu kumwona mumewe haanzi kukagua mizigo.

Nilikuja kukwambia uchague. Mimi au vifaranga wako. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye meli, makali kweli, ungeyasikia ungeacha kila kitu. Nikapanda barazani. Nikainua mkono nigonge. Ndipo nikakusikia unacheka.

Eisaku, miaka saba nimelala kando yako, kicheko kile sijawahi kukisikia. Ulicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikajiambia, mimi huyu nimekuja kumnyang'anya mtu kitu kinachomchekesha namna hii, na nyumbani kwangu hajawahi kucheka nusu yake. Mkono ukabaki hewani. Sikuweza kugonga na sikuweza kuondoka. Nilisimama nikikusikiliza umenyamaza, mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Kisha nikarudi. Nilizionea wivu sauti zako, ndiyo, mimi mtu mzima.

Nilipopata barua yako, "dakika kumi na moja," nikajua. Hakuna mtu wa kunihesabia muda wangu mlangoni pako zaidi ya mashine ile.

Nikanyamaza. Nisamehe. Nilinyamaza kwa sababu uongo ule ulikuwa unanirudishia mume. Kila siku nimesema nitamwambia akishafika, akishavua viatu, akishakula. Sasa nakuona umesimama mbele ya watu wa Kyoto na karatasi ambayo ndani yake kuna mkeo na birika, na siku moja watagundua, maana njia ya mwongo ni fupi. Watakucheka. Hicho sitakubali, hata kama nitakula peke yangu mpaka uzeeni.

Mwambie Profesa asiisome. Mwambie leo.

Chizuru


Okutomi
17 Juni 1962

Chizuru,

Barua hii nimeichana mara tatu, hii ni ya nne.

Tarehe mosi Mei Bibi Tome alinipa chai, nikaona birika jipya la chuma jikoni mwake. Nikamuuliza limetoka wapi, naye, mtu asiyeishiwa maneno, akaanza kuongelea kwato za ng'ombe. Nikaligeuza. Chini lina chapa ya Morioka. Sikumuuliza zaidi. Nilirudi kibandani mbio, nikatoa nakala ya ile karatasi, nikaitandaza sakafuni.

Ninasoma karatasi hizi kila siku, Chizuru. Sijui nilikuwa nimefumba macho gani. Jua likibonyeza ngao, sindano hupanda ghafla, hilo ni kweli, lakini hushuka taratibu, kwa kusitasita. Hii ilishuka kama mtu aliyegeuka akaondoka. Halafu upepo wa jua ukipiga, sindano za dunia nzima huruka katika dakika ileile. Karatasi za wengine zikifika, zitaonyesha kwamba siku ile iliruka yangu tu. Na mimi ndiye niliyeileta barazani kwa uvivu wa kuvuka theluji.

Kumbe ulikuwa hapa. Nyuma ya ubao wenye unene wa kidole. Nilikuwa nimeziba masikio kwa spika nikisikiliza kitu kilicho mbali kuliko mawingu, na wewe ulikuwa karibu kiasi cha kusikia nikikohoa. Sijui kwa nini hukugonga. Kila siku nafikiria sababu mpya, na zote zinaniuma.

Nimekaa na ukweli huu wiki sita na nimenyamaza. Nilimwandikia Profesa, "Asante, nitafika Oktoba." Mimi, niliyekuwa namkaripia Bibi Tome kwa debe lake! Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kurudi nyumbani. Sina sababu nyingine. Nimechoka kusikiliza anga. Nataka kukusikia wewe ukigombana na cherehani.

Kituo cha kusini hawana karatasi ya siku ile, na za nchi za nje huchukua miezi kufika. Kwa hiyo naweza kunyamaza, na kabla watu hawajalinganisha nitakuwa nimeshakaa chuoni. Lakini uamuzi huu si wangu peke yangu, kwa sababu wewe ndiye utakayengoja. Niambie. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza, na sitakulaumu kamwe. Ukisema niseme, nitasema, na utakuwa msimu mwingine wa baridi.

Jibu upesi.

Eisaku


Okutomi
9 Julai 1962

Chizuru,

Barua zetu zilipishana njiani. Yako ilinifikia tarehe ishirini na mbili, na ndani yake mlikuwa na jibu la swali ambalo ulikuwa hujaulizwa. Niliisoma nimesimama kwenye matope mbele ya gari la maziwa. Kisha nikapanda gari hilohilo mpaka posta ya mjini, nikapiga simu ya maandishi kwa Profesa: MATOKEO SI SAHIHI. CHUMA MLANGONI. KOSA LANGU. USISOME.

Hakusoma. Wiki iliyofuata nikapata barua yake, mistari mitatu kama zamani. Anasema amesimama mbele ya watu mia mbili kuwaambia hana la kuwaambia. Anasema mtu anayeweka sindano barazani hafai kuwa msaidizi wa yeyote. Nafasi amepewa Hirabayashi, kijana mzuri, sina kinyongo. Mstari wa tatu unasema nikitaka naweza kukaa Okutomi mpaka Aprili, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuja. Baada ya hapo umeme utafika kijijini na kituo kitafungwa. Tangu jana nachimba shimo la sindano, hatua hamsini kutoka mlangoni. Bibi Tome anapita, anauliza namzika nani.

Sauti zile zilikuwa za kweli, hilo Profesa hawezi kuliondoa. Zilikuja asubuhi ile kwa hiari yake. Nini kilizianzisha sijui, na nataka kujua, kwa hiyo sitakudanganya kwamba nimeacha kupenda kazi hii.

Sasa lile la kicheko.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Unasema nilizichekea sauti zangu. Unasema kuna kitu huku kinanifurahisha kuliko wewe ulivyowahi kunifurahisha. Jana nilitoa kanda ya tarehe kumi na nne Machi nikaisikiliza kwa sababu hiyo tu. Tangu siku ile nilikuwa nasikiliza mwisho wake, palipo na sauti. Safari hii nikasikiliza mwanzo, pale maikrofoni ilipokuwa bado wazi. Nataja tarehe. Nataja saa. Kisha nacheka, kwa nguvu, kama ulivyosema. Nikashika saa mkononi nikahesabu. Kicheko kiko kwenye sekunde ya kumi na nane. Sauti ya kwanza ya anga inakuja sekunde ya hamsini na tano.

Chizuru, nilipocheka hakukuwa na sauti yoyote. Anga lilikuwa kimya kabisa. Kilichokuwepo ni sindano tu, imeruka, kwa sababu wewe ulikuwa umepanda barazani.

Kicheko kile ulichokionea wivu ulikileta wewe. Sikujua ni nani amefika, lakini nilifurahi hivyo.

Kaka Morihei amesema kweli. Nyumba isiyo na mtu si nyumba, na sikuombi ungoje hata siku moja zaidi. Nakuomba uje. Funga cherehani, wape wanafunzi likizo, njoo ukae nami mpaka Aprili, kisha tutakwenda popote watakapotupokea. Huku ni baridi, chakula ni viazi, na kila saa nitakunyamazisha dakika mbili. Lete chuma chote cha Morioka ukitaka, sindano itakuwa mbali.

Na ukifika, gonga mlango.

Mumeo,
Eisaku